Mchele wa Fidia

Bihambwe, tarehe 14 Mei 1944

Dada yangu mpendwa Pétronille,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Isidore na za wote walio chini ya paa hili. Mimi ni mzima. Mke wangu Dorothée ni mzima. Watoto wetu Céline na Damien ni wazima. Mama naye ni mzima, ila amepungua mwili kidogo, na kwa kweli kunampendeza, maana hata magoti hayamsumbui kama zamani. Mbuzi hatunao tena, lakini mbuzi ni usumbufu tu, wanakula majani ya jirani na kuleta maneno. Natumaini wewe na huyo Bwana Amisi hamjambo huko Walikale kwenye msitu wenu na mvua zenu.

Habari kubwa ya huku ni watu wanaotoka Rwanda. Wanapita kila siku, akina mama wamebeba mikeka kichwani na watoto mgongoni, wanaomba maganda ya ndizi. Kwao viazi vimeoza na mvua imekataa. Huku kwetu pia viazi vilishikwa na ugonjwa, na maharagwe ya msimu uliopita yalichukuliwa kulisha wafanyakazi kwa sababu ya vita ya Wazungu. Lakini sisi, Mungu asifiwe, hatuna shida. Nyumbani mwangu tumeamua kufunga kwa hiari. Asubuhi hatuli, ili kukumbuka mateso ya Bwana. Mchana tunakula kidogo. Jioni tunasali. Padri alipopita alisema hajaona nyumba ya katekista yenye ibada kama hii.

Sasa nije kwenye jambo langu. Dada, roho yako inanisumbua. Tangu uolewe na huyo mwungwana, Mwislamu wako, umekuwa ukiinama mchana kutwa kuelekea jua linakotoka, kama mtu aliyepoteza sindano. Padri aliniuliza, “Dada yako amerudi kanisani?” Nikaona haya, mimi ninayefundisha wengine. Fikiri vizuri. Mlango bado uko wazi, ingawa hautakaa wazi siku zote.

Nasikia mpunga umestawi sana huko mwaka huu. Nauliza kwa kutaka kujua tu, maana mtu anapaswa kujua habari za nchi yake.

Mimi mdogo wako,
Isidore, mwalimu wa dini

Walikale, tarehe 20 Juni 1944

Mdogo wangu Isidore,

Assalamu alaikum. Usiogope, ni salamu tu, haibatizi mtu. Barua yako ilifika imelowa na wino umetembea, lakini majivuno yako hayakufutika hata kidogo, nimeyasoma yote. Jina langu sasa ni Zaina, unajua. Amisi anakusalimu. Watoto wake wa mke wa kwanza wanakusalimu. Kuku wetu wanataga, mto umejaa, na wanaume wengi wa hapa wamesukumwa msituni kugema utomvu wa mpira kwa ajili ya vita, hata kwenye sala ya Ijumaa tunaona wazee na vilema tu.

Isidore, umeniandikia Kwaresima mwezi wa tano. Pasaka ilikuwa mwezi wa nne, hata mimi niliyepotea najua hilo. Hiyo Kwaresima yenu isiyotaka kwisha ina jina lingine, na jina lake linaandikwa kwa herufi nne. Mna njaa? Nijibu kwa ndiyo au hapana, bila mateso ya Bwana ndani yake. Na Mama kupungua mwili kunampendeza nani? Mama alikuwa mwembamba tangu nikiwa tumboni mwake. Akipungua zaidi mtamtafuta kitandani msimwone.

Nakujua hutajibu, kwa hiyo nakuletea jambo lingine ambalo ni shida yangu mimi. Ramadhani inaingia mwezi wa nane. Mwaka huu sitafunga. Usiniulize sababu, ni yangu. Kwetu, mtu wa hali yangu asiyefunga ana deni: kwa kila siku anayokula, amlishe maskini mmoja kibaba cha chakula. Hiyo inaitwa fidia. Si zawadi, si ukarimu, ni deni kwa Mungu, na asiyelilipa analala nalo kaburini.

Tatizo ni maskini. Waislamu maskini wa hapa tunawajua kwa majina. Kuna mzee kipofu, kuna mjane wa fundi wa paa, na kuna mmoja ambaye umaskini wake ni uvivu. Ramadhani ikiingia, hao watatu wanaletewa sahani kutoka kila nyumba mpaka wanaumwa matumbo. Wanaume wa mpira wana njaa kweli, lakini wako ndani ya msitu chini ya walinzi na hatuwafikii. Nikasema, kwa nini nimshibishe aliyeshiba, wakati huko kwenu Masisi watu wanaokota maganda?

Mwalimu Sefu wa msikiti wetu akakunja uso. Akasema, “Fidia iko ya Islamu. Makafiri bale balishwe na ba kwabo.” Nikamwambia, Mwalimu, basi nenda na wewe Masisi ukawasilimishe kwanza halafu nitawapikia, njia ni ya matope ila wewe una miguu. Amisi akacheka mpaka akatoka nje. Baadaye alimuuliza mzee mmoja wa mji wa Kirundu mwenye elimu kumpita Sefu, naye akajibu kuwa wanazuoni hawakubaliani, na wapo walioruhusu apewe yeyote mwenye njaa. Mimi nimewafuata hao.

Kwa hiyo nitaleta mchele, nawe utanitafutia maskini wa kuula. Lakini sikiliza sana. Nitaleta pia furushi dogo lililofungwa kamba nyekundu. Hilo ni la Mama peke yake. Mama asile mchele wa fidia hata punje. Si kwa kuwa ni mbaya. Kumlisha mzazi ni wajibu wangu siku zote, na mtu halipi deni kwa kutoa mkono wa kulia na kupokea mkono wa kushoto. Akila Mama, deni langu linabaki palepale.

Ndugu anaweza kula, kama ni maskini. Ninasema tu.

Dada yako,
Zaina

Bihambwe, tarehe 23 Julai 1944

Dada yangu Pétronille,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Tu wazima. Damien aling'oka jino. Céline amejifunza kushona. Mama anakaa sana ndani siku hizi kwa sababu ya baridi, na anakusalimu, ingawa hajasahau ulivyoondoka.

Nimesoma habari ya mchele wako nikacheka peke yangu. Kumbe dini yenu inahitaji njaa yetu! Sisi tukishiba mtakosa pa kulipia madeni yenu. Na ndoano mimi ninaiona. Mvuvi hamrushii samaki chakula kwa kumhurumia. Leo ni mchele, kesho ni kofia nyeupe, keshokutwa watoto wa Bihambwe wote wanaitwa Juma. Zaidi ya hayo, mababu wa hao waungwana wako walipofika nchi hii hawakuleta mchele. Walichukua watu. Mama mwenyewe alisimuliwa na bibi yake jinsi vijiji vilivyokimbilia milimani waliposikia bunduki za waungwana. Sasa wajukuu wao wametuonea huruma. Ahsante sana.

Kuhusu neno lako la mwisho, “kama ni maskini”: nilisoma na sikulipenda. Mimi ni mwalimu wa dini. Watu wanasimama ninapopita. Mwalimu wa dini hawezi kuwa maskini wa mtu, tena maskini wa Waislamu. Nikianza kula sadaka, nani atanisikiliza Jumapili nikisema Mungu anawatunza watu wake?

Hata hivyo, kwa kuwa mimi si mtu wa roho ngumu, nitakusaidia. Maskini tunao wengi njiani. Lete mchele wako, nitawagawia hao wageni kwa mkono wangu, na Mungu ataamua mwenyewe aweke thawabu kwenye hesabu ya nani.

Na kwa nini hufungi? Ni uvivu? Au umepata mimba uzeeni kama Sara? Mnatangaza kufunga kwenu kwa ngoma, halafu ikifika siku yenyewe unatafuta mtu wa kumlisha badala ya kufunga.

Ukileta, lete mapema kidogo.

Isidore

Walikale, tarehe 11 Agosti 1944

Isidore,

Salamu kwa wote. Mzee Edmond ndiye mbebaji, wewe unamjua, ni yule wa Pinga mwenye sauti kubwa. Yuko na wanawe wawili na vikapu. Umempa Mama salamu zangu? Mwambie mimi sijasahau pia.

Uliyosema juu ya mababu wa akina Amisi ni kweli. Sitabishana nawe. Nimemsomea Amisi maneno hayo, akasema, “Andika ile maneno iko kweli.” Haya, nimeandika. Sasa wewe niandikie waliochukua maharagwe yenu mwaka huu walikuwa wamevaa kofia gani, na kama uliwasimamia mlangoni kwa ujasiri huo huo unaonionyesha mimi.

Mchele mkubwa ni fidia. Kamba nyekundu ni ya Mama. Pika vyungu viwili. Mwezi ukiandama anza kugawa, na ukimaliza niambie ni nani waliokula. Nitakuwa ninangoja neno hilo kuliko unavyodhani.

Sina mimba. Uliuliza vibaya, lakini nimejibu.

Zaina

Bihambwe, tarehe 28 Septemba 1944

Dada yangu mpendwa sana Pétronille,

Salamu nyingi, nyingi mno! Tu wazima kabisa. Watoto wananenepa. Mama amekaa juani leo asubuhi akaimba. Dorothée anakusalimu kwa heshima zote. Nakutakia heri ya sikukuu yako, ingawa siijui.

Kazi yako imefanyika. Ungekuwapo ungelia. Niliwaita wageni wa Rwanda, wakapanga mstari kando ya uzio wa kanisa, kimya, kama wanaongoja komunyo. Kulikuwa na mzee kipofu mwenye ndevu nyeupe. Aliposhika bakuli alinyoosha mikono juu akasema, “Mungu ambariki mwenye mchele huu na kizazi chake!” Kulikuwa na msichana yatima mwenye kovu shavuni, naye alikataa kula mpaka mdogo wake ashibe. Kila siku nilipima kibaba mwenyewe. Wengine walisema hawajawahi kuona chakula cheupe namna hii, wakadhani ni mayai ya siafu.

Mama alikula furushi lake, lenye kamba nyekundu, kama ulivyoagiza.

Mimi na nyumba yangu hatukugusa. Tuliendelea na mfungo wetu.

Kama deni lako halijaisha, au kama una madeni mengine ya miaka ya nyuma, usione haya kuniambia. Wageni bado wapo. Mchele ule wa punje ndefu ndio wanaoupenda, ule mwingine unashikamana ukipoa. Vikapu namrudishia Edmond.

Mdogo wako mtiifu,
Isidore

Walikale, tarehe 25 Oktoba 1944

Isidore,

Amisi hajambo. Mvua inanyesha. Hizo ndizo salamu, zimekwisha.

Edmond alirudi, baada ya kukaa huko mpaka vikapu vikawa vitupu. Nilimkalisha, nikampa kahawa, nikamwambia, Mzee Edmond, nisimulie yule kipofu mwenye ndevu. Akanitazama. “Kipofu gani, Mama Zaina? Miye sikuona kipofu.” Nikamwambia, wale wageni waliopanga mstari kando ya uzio. Akasema hivi, nami naandika kama alivyosema: “Mstari haikukuwako. Bageni banapita mu barabara, lakini mu nyumba ya katekista hakuingia mugeni hata moya. Chungu ilikuwa moya. Alitia kamba nyekundu na ile ingine pamoya, anasema muchele iko muchele. Mama, bale batoto bana njaa. Walikula mpaka banalamba chungu na ndani na inje. Na koko, mama yako mwenyewe, naye alikula mu ile ile chungu, na Dorothée alikuwa anajificha nyuma ya nyumba ku kula, juu bwana yake asimuone.” Nikauliza, na Isidore? “Yeye alisema iko nafunga. Lakini asubui nilimukuta na punje ku ndevu.”

Punje kwenye ndevu, Isidore! Kumbe mwenye ndevu uliyemwandika ulimpata karibu.

Nilicheka. Nakuambia kweli, nilicheka mpaka nikashika ubavu. Halafu nikalia kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoandika sasa. Sikukasirika kwa kuwa watoto wako walikula. Nilileta mchele huo kwa ajili yao tangu siku ya kwanza, wewe ndiye mtu pekee katika nchi yote hii ambaye hakuelewa. Nilikuambia ndugu anaweza kula. Nilikufungulia mlango, ukaona heri upite dirishani usiku kama mwizi wa chakula chako mwenyewe.

Sasa tazama ulichofanya. Kama nyumba yako ni nyumba ya maskini, walichokula Dorothée na watoto ni halali na deni langu limelipwa kwa sehemu hiyo. Lakini wewe umeniandikia kwa mkono wako, na sahihi chini, kwamba huna shida na hukugusa. Mimi nimwamini nani mbele ya Mungu, wewe au mbebaji? Na alichokula Mama katika chungu hicho ulichochanganya hakihesabiki hata kidogo. Mwalimu Sefu amefurahi. Alisema aliniambia. Anapita mbele ya mlango wetu akijikohoza.

Na uliniuliza kwa nini sifungi, ukataja uvivu. Haya, nikufundishe dini, ewe mwalimu wa dini. Mgonjwa anayetumaini kupona halipi fidia. Anakula, akipona anafunga siku zake. Mwenye mimba anafunga baadaye. Msafiri anafunga baadaye. Fidia hutolewa na mzee aliyechoka, au mgonjwa ambaye hana baadaye. Nimekuandikia neno hilo tangu mwezi wa sita. Ungemuuliza Mwislamu yeyote anayepita njia ya Masisi akiuza chumvi, angekueleza. Lakini wewe ulikuwa umeshughulika na ndoano.

Nina uvimbe tumboni. Umekuwa mkubwa. Muuguzi wa hapa aliugusa akaanza kuniongelea habari za mvua. Nilinyamaza kwa kuwa sikutaka Mama aambiwe, na kwa kuwa sikutaka huruma yako. Majivuno hukuyapata peke yako katika nyumba ile.

Nataka kufa sina deni. Ni jambo dogo ninaloliomba. Mlikula, au hamkula? Na mlikula kama nani?

Zaina

Bihambwe, tarehe 17 Desemba 1944

Dada,

Barua yako ilifika wiki nyingi zilizopita. Nilianza kujibu mara nyingi nikachana. Karatasi hapa ni adimu, kwa hiyo ujue nilihangaika kweli. Barua ya kwanza ilikuwa ya kukubishia kuhusu ndevu. Ya pili ilikuwa ya kukuhubiria. Dorothée aliiona ya pili akaitia motoni mwenyewe, na mke wangu, kama unavyomjua, si mtu wa kugusa karatasi zangu.

Nilimsomea Mama barua yako yote, na sehemu ya uvimbe pia. Ulisema asiambiwe. Nimemwambia. Ukitaka kunitukana kwa hilo, tukana, sikuweza kukaa naye chumba kimoja nikijua na yeye hajui. Hakulia mbele yangu. Akasema, “Sasa weye unangoya nini? Mutoto yangu anakufa na deni juu ya haya yako? Andika: tulikula. Andika miye nilikula sana, nilirudilia. Andika ile mayai ya siafu iko tamu.” Kisha akageukia ukuta.

Basi naandika.

Tulikula. Céline na Damien walikula tangu siku Edmond alipotua mzigo, hata mwezi haujaandama, kwa hiyo toa siku hizo. Dorothée alikula. Mimi nilikula, kwanza kwa kujificha, halafu bila kujificha, kwa kuwa Damien alinikamata akanicheka. Kabla ya mchele wako tulikuwa tunachemsha majani ya maboga na chumvi ya majivu. Mbuzi niliwauza wote mwezi wa pili. Dorothée alikuwa na mimba, ikatoka, wala sikukuandikia. Hakuna aliyefunga kwa ibada katika nyumba hii, na padri aliyetusifu hakukaa kula, maana aliona moto haujawashwa.

Unauliza tulikula kama nani. Tulikula kama maskini. Mimi Isidore, mwalimu wa dini wa Bihambwe, ni maskini, na mke wangu ni maskini, na watoto wangu ni maskini. Niliomba kwa Mungu wangu nikalishwa na Mungu wako, na sijui nitalieleza vipi Jumapili. Mpelekee huyo Sefu barua hii, amsomee na yule kipofu wenu. Kama inatakiwa mbele ya mashahidi, Dorothée ametia kidole gumba hapo chini, na Céline ameandika jina lake.

Bado kuna sehemu ya Mama. Maharagwe mapya yametoka, si mengi. Dorothée alipima kwa kikombe kile kile cha mchele kadiri ya alichokula Mama, na akaongeza, maana Mama anasema alirudilia. Nikayapeleka njiani mwenyewe. Pale chini ya mlima amekaa mama mmoja wa Rwanda, Adelaïde, na watoto wake, mume alibaki njiani. Nilimwambia, maharagwe haya yanatoka kwa dada yangu wa Walikale, ni Mwislamu, anadaiwa. Hakuelewa. Aliniuliza kama mlima unaofuata una watu. Alipika pale pale na nilikaa mpaka wakala, nikala nao kidogo kwa kuwa alinilazimisha, hicho ukitoe pia. Huyu si kipofu wala hana ndevu. Yupo, na mtu yeyote akipita atamwona.

Kama maharagwe hayafai, niambie, nitafanya lingine.

Nimewaombea wagonjwa wengi, dada. Kwako nikianza maneno hayatoki, nabaki nimekasirika. Nakasirika na wewe pia, ujue. Ungeniandikia neno “ugonjwa” badala ya kunitegea fumbo la sheria, ningeshuka mwezi wa sita na miguu yangu.

Mdogo wako,
Isidore

Walikale, tarehe 9 Januari 1945

Mdogo wangu,

Waalaikum salamu kwa ile ambayo hukuiandika. Mimi nipo. Sisimami sana. Amisi ndiye anayeandika, mimi ninasema, na akijaribu kulainisha maneno yangu nampiga kofi mkononi.

Maharagwe yanafaa. Mzee wa Kirundu alipita hapa safarini, akaulizwa, akasema chakula cha nchi ndicho kinachopimwa, na kwenu nchi inakula maharagwe. Alisomewa barua yako yote. Akasema nyumba hiyo ni ya maskini bila shaka, na deni la mwanamke huyu limekwisha. Mwalimu Sefu alikuwapo. Aliinama akawa anatafuta kiatu chake muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji.

Halafu kikatokea kitu. Wanawake wa msikiti walisikia habari ya Adelaïde, nadhani ni Edmond, sauti ile haifichi kitu. Wakaanza kuleta mchele hapa mlangoni kwangu, bila kuulizana na Sefu, huyu sahani, huyu kikapu. Hata mke wa Sefu alileta, kwa mlango wa nyuma. Si fidia, si deni la mtu, ni sadaka tu, na sadaka haichagui mlango. Amisi anapanda nayo juma lijalo na wabebaji, na karatasi ya ruhusa amepata baada ya kudharauliwa ofisini siku nzima. Ataipeleka njiani kwa hao wageni. Nyumba yako itapata fungu kama nyumba nyingine, na wewe utapokea kwa mikono miwili, mbele ya watu, mchana. Usinichekeshe kwa kusema huna shida.

Pole kwa mimba ya Dorothée. Ulipaswa kuniambia. Mwambie nimelia kwa ajili yake, na hiyo si huruma, ni haki yake.

Sasa jambo langu. Mzigo ukishatuliwa, wabebaji watarudi mikono mitupu. Mpandishe Mama kwenye machela washuke naye, na wewe ufuate kwa miguu. Usingoje kuitwa kwenye maziko. Ukija nimeshazikwa, watu watasali sala usiyoijua, nawe utasimama nyuma umeshika kofia, hujui uweke mikono wapi, na nitakuonea aibu kutoka humo nilimo. Njoo sasa, Isidore. Njoo nikiwa bado na pumzi ya kukutukana.

Zaina